Mrija wa Tatu

Inspekta Tarcisio Komakech alikuwa ameona maiti nyingi kazini, na mwaka huo wa 1973 zaidi ya alizopenda kuzihesabu. Lakini moyo wa mtu mzima, unaopiga ndani ya mtu aliyesimama wima akijizuia kucheka, huo hakuwahi kuuona mpaka asubuhi hiyo ya Jumanne.

"Masinde, simama hapo nyuma ya kioo. Vua shati. Usipumue mpaka niseme," Sista Hortense aliamuru gizani.

Mashine ya eksirei ikanguruma. Kioo kikageuka kijani hafifu, na juu ya ule ukijani mbavu za Masinde zikajitokeza moja baada ya nyingine. Katikati yake kulikuwa na donge la kivuli lililojikunja na kujikunjua, kujikunja na kujikunjua, bila kumwomba mtu ruhusa. Hapakuwa na kisu wala tone la damu. Komakech alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Yesu na Maria!" alinong'ona.

"Hao hawamo," Sista akamjibu. "Huyo ni Masinde tu."

Wanafunzi wa udaktari walicheka, lakini kwa sauti ya chini. Walikuwa tisa. Kiti cha kumi kilikuwa kitupu, na taa zilipowashwa kila mmoja alitazama kwingine.

Mwenye kiti hicho aliitwa Nabalayo, binti wa Kikenya kutoka Bungoma. Tangu jana jioni alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya mashuka, orofa ya chini ya hospitali hiyo hiyo ya Nsozi, na askari mwenye bunduki mlangoni. Kapteni Doka wa jeshi alikuwa ameshaamua kesi: mrija wa radiamu umepotea, Mkenya ameuiba, Mkenya anataka kutengeneza bomu. Polisi walipewa mpaka saa kumi alasiri kuutafuta. Baada ya hapo Kapteni angemchukua msichana kwenye gari lake, na Kampala nzima ilijua watu waliopanda gari hilo walirudi wangapi.

"Bomu!" Sista alisema kwa hasira alipokumbushwa. Alikuwa mtawa mfupi mnene kutoka Bukavu, Kongo, na tangu Mhindi aliyeendesha idara ya mionzi afukuzwe nchini mwaka uliopita, mzigo wote ulikuwa begani mwake. "Kitu chenye urefu wa punje tatu za mchele! Huyo kapteni alisoma wapi?"

"Sista, mimi pia sijui. Ndiyo maana nimeomba somo," Komakech alisema. "Siwezi kutafuta kitu nisichokijua. Nifundishe kama hawa watoto."

Sista alimtazama kwa jicho jipya. Akatoa kwenye droo mrija wa mfano, usio na kitu ndani: kijiti cha madini meupe, urefu wa sentimita mbili, na uzi umefungwa kwenye tundu la mwisho.

"Wa kweli una radiamu tumboni. Mwanamke anakuja hapa na kansa ya kizazi, anavuja damu, harufu yake inakimbiza hata watoto wake. Tunamwekea mirija mitatu ndani, tunaishikiza na shashi, anailalia siku tano. Tukiitoa, wengine wanapona kabisa. Wanarudi kuniletea kuku." Akatabasamu kidogo, kisha uso ukafifia. "Lakini ukiuweka mfukoni mwako, Inspekta, hutasikia joto, hutasikia harufu. Ngozi itakwambia baada ya wiki mbili, na utakuwa umechelewa."

"Basi mtu huujuaje kama upo?"

Sista akachukua sanduku la chuma lenye mpini na fimbo iliyoungwa kwa waya, akaliwasha. Wanafunzi waliliita kaunta. Tik, likasema. Likanyamaza. Tik. Sista akampa Komakech fimbo yake, naye akapita nayo polepole mbele ya viti. Tik. Tik. Alipofika kwa Masinde, aliyekuwa anafunga vifungo vya shati, sanduku likatoka mbio: tik-tik-tik-tik!

Chumba kizima kikaganda. Masinde akageuka rangi.

"Afande, wallahi sijachukua kitu!"

Komakech alisogea karibu. Aliishusha fimbo mfukoni, sauti ikapungua. Akaipandisha kwenye kifundo cha mkono, ikazidi.

"Zimeni taa," akasema.

Gizani, tarakimu za saa ya Masinde ziling'aa kijani kama kimulimuli.

"Rangi ya radiamu," Sista alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na heshima. "Tone dogo tu, ili saa isomeke usiku. Inspekta, umejifunza kwa dakika tano kitu ambacho Masinde amekivaa miaka miwili bila kukijua."

Komakech alihisi nywele zimemsimama mikononi. Dunia ilikuwa inasema maneno ambayo masikio ya watu hayakuumbwa kuyasikia, na hiki kisanduku kilikuwa kinayatafsiri. Alitamani angekuwa na miaka ishirini tena, na kiti chake mle darasani.

"Sheria ya kwanza ya kazi hii?" Sista akawageukia wanafunzi.

"Umbali!" wakajibu kwa pamoja.

"Ukisimama mbali mara mbili, nguvu haibaki nusu, inabaki robo. Mara tatu, sehemu moja ya tisa. Sheria ya pili?"

"Haraka!"

Neno hilo la pili lilimkwama Komakech. Aliwaruhusu wanafunzi watoke, akabaki na Sista.

"Ijumaa asubuhi mirija ilitolewa kwa mgonjwa. Nani alihesabu?"

"Mimi. Niliandika mitatu. Mchana nikafungua chungu cha madini ya risasi tunamoihifadhi, mbele ya wanafunzi kuwaonyesha, nikakuta miwili. Hapo katikati wao ndio walioingia humu. Kapteni akasema, basi, mwizi ni mwanafunzi."

"Asubuhi uliiona yote mitatu, Sista? Kwa macho?"

Sista alianza kuuviringisha mrija wa mfano vidoleni.

"Kazi hii ni haraka," alisema taratibu. "Daktari anavuta, unatupa kwenye chungu, unafunika. Anayekaa kuhesabu ndiye anayeungua. Niliona nyuzi."

"Nyuzi ngapi?"

"Niliona nyuzi, Inspekta." Macho yake yalijaa maji. "Iliingia mitatu, nikaandika imetoka mitatu. Mungu anisamehe, nimeandika nisichokiona."

"Kwa hiyo huenda mrija wa tatu haukufika chunguni hata siku moja."

Sista alimshika Komakech mkono. Alimvuta mpaka kwenye meza yenye kioo kilichomulikwa kutoka chini. Vipande kumi vya filamu vilipangwa pale, kila kimoja kimetoka kwenye beji ya kupimia mionzi ambayo mwanafunzi hubandika kifuani na kukatazwa kuivua akiwa na koti. Vilisafishwa jana. Tisa vilikuwa safi. Cha kumi kilikuwa na ukungu.

"Cha Nabalayo," Sista alisema. "Kapteni aliona hiki, akasema: nyeusi, mwizi huyu. Lakini tazama! Hii ni nyeusi?"

"Ni kama maji ya majivu."

"Ehe! Angekuwa na mrija mfukoni tangu Ijumaa hadi Jumatatu, ingekuwa mkaa. Na kifua chake kingeanza kuiva. Huyu alikaa karibu nao kiasi hiki," akanyoosha mkono wake, "labda saa mbili. Basi."

"Hukumwambia Kapteni?"

"Nilimwambia. Alinijibu kazi ya sista ni kusali."

Saa sita mchana Komakech aliteremka stoo. Askari wa mlangoni alikuwa anatafuna muwa, akamsogezea mguu apite. Nabalayo alikaa juu ya rundo la mashuka, koti jeupe bado mwilini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umekula, dada?"

"Sina njaa, afande."

"Jumapili ulikula wapi?"

"Hosteli."

"Walipika nini?"

"Posho na maharage."

Komakech aliutazama mkono wa koti lake. Palikuwa na doa la ukijani uliochanganyika na udongo, limekauka. Aliinama akanusa, bila kuomba radhi. Uchachu, na juu ya uchachu, ufuta uliosagwa.

"Hosteli yenu imeanza lini kupika malakwang?"

Msichana akaurudisha mkono wake nyuma upesi. Malakwang, yale majani machachu yanayopikwa kwa ufuta, ni mboga ya kwao Komakech, huko kaskazini. Mganda hapiki, Mbukusu wa Bungoma hapiki. Na daftari la wodi ya radiamu, ambalo alilipitia kabla ya kushuka, lilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kutoka kaskazini: Rosalba, kitanda cha saba, ametolewa mirija Ijumaa, ameruhusiwa Jumamosi. Aliyekuwa akimuuguza ni mama yake, Acayo.

"Ulikwenda kumjulia hali Rosalba. Mama Acayo akakupikia. Hilo ni kosa gani mpaka ulifiche?"

Nabalayo aliutazama mlango, halafu akamtazama yeye.

"Afande, jina lako nani?"

"Komakech."

"Basi unajua kwa nini."

Alijua. Mwaka ule nyumba nyingi za Waacholi zilikuwa na kijana aliyewahi kuvaa magwanda, na ambaye sasa alikuwa anatafutwa na wenzake wa kambini. Komakech alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, ili nyuso zao zilingane.

"Nimekaa humu usiku kucha nikipiga hesabu," Nabalayo alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Beji yangu imepata wapi mionzi? Wodini hapana, wenzangu wote wangepata. Ni pale tu. Nikisema, askari watakwenda pale, na pale kuna mtu. Nisiposema, yule mama anaungua kila siku, polepole, na hajui. Niambie wewe mkubwa, mtu huchagua vipi hapo?"

 Komakech alikuwa ameingia stoo kumhoji mtuhumiwa, na sasa alikuwa anaona haya mbele yake.

"Mimi natafuta kitu," akasema. "Sitafuti mtu."

"Apa."

"Naapa kwa mama aliyenizaa."

"Kyebando. Nyuma ya mashine ya kusaga. Mlango wa buluu."

Ili asiandamane nao, Komakech alimtuma konstebo wake Bugolobi kutafuta dereva wa hospitali ambaye hakuwa na habari yoyote ya maana. Kisha akaendesha Peugeot ya polisi mwenyewe, Sista kando yake, kaunta mapajani mwa Sista na chungu cha madini ya risasi miguuni pake, kizito kiasi kwamba gari liliinamia upande mmoja.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Kibarazani palikuwa na viatu vya jeshi, namba kumi au kumi na moja, vimeanikwa juani. Komakech aliviona. Akageuka akaipa nyumba mgongo, akatazama barabara.

"Hodi, Mama!" alipaza sauti kwa Kiacholi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ni mwana wa Kitgum! Nipo na Sista wa hospitali, wawili tu!"

Nyuma ya nyumba mlango ulilia. Aliendelea kutazama barabara, akahesabu mpaka thelathini. Alipogeuka, viatu havikuwepo, na Mama Acayo alikuwa amesimama pale viliposimama, mikono kiunoni.

Mume wake marehemu alikuwa askari wa zamani wa kikoloni, kwa hiyo Sista alipomsemesha Kiswahili alijibu cha kambini, kilichonyooka kama amri.

"Rosalba nalala. Nakula vizuri. Nyinyi nataka nini?"

"Tumepoteza kitu, Mama. Turuhusu tutafute," Sista alisema.

Kaunta ikawashwa. Ndani, kwenye kitanda alipolala Rosalba: tik, kimya, tik. Chini ya kitanda, kwenye masanduku, kwenye kapu la hospitali: kimya. Sista akaanza kukata tamaa. Wakatoka nje, na pale kizingitini sanduku likaamka. Komakech akafuata sauti hatua kwa hatua, kupita benchi ambalo, kwa maelezo ya Mama Acayo, Nabalayo alilikalia Jumapili akimenya kunde, na fimbo ilipoinuka kuelekea upenuni haikuwa tena tik-tik. Ilikuwa sauti moja isiyokatika, kama mafuta ya moto yanapotiwa maji.

Chini ya bati, kwenye ncha ya boriti, palining'inia fundo la kitambaa lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Hiyo hapana gusa!" Mama Acayo alijitupa mbele. "Hiyo ya mtoto yangu!"

Komakech alimshika mabega, akamsogeza nyuma, akamwuliza kwa lugha yao. Na kwa lugha yao mama akaeleza, kwa hasira ya mtu anayeitwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Alhamisi alimpeleka Rosalba chooni. Shashi ilitoka na damu. Pale palikuwa na ndoo, ndiyo, aliiona, ndoo ya watu wote, inayobebwa na mtu asiyejulikana kwenda kusikojulikana.

"Damu ya mwanangu niiache hapo? Mtu mbaya aiokote aifanyie anachotaka? Niliifunga nikaiweka kwenye kapu, nje ya wodi. Namngoja Rosalba apate nguvu, niipeleke nyumbani, niizike."

Komakech aliinamisha kichwa. Alipovunjika mguu utotoni, mama yake alizika kila bendeji, na kila mara alikoga kabla ya kula. Madaktari wote wa Nsozi wangepekua hospitali mwaka mzima bila kulifikiria hilo.

"Na kwa nini uliitundika nje, Mama?"

"Unauliza nini, mwanangu? Kilichotoka kwa mgonjwa hakilali na watu."

Komakech akamtafsiria Sista. Sista alitazama boriti, akatazama mlango, kisha akatembea kutoka upenuni mpaka kitandani akihesabu hatua kwa sauti. Nane, na ukuta wa matofali katikati. Alirudi akakaa kwenye kizingiti, akafanya ishara ya msalaba.

"Angeuweka chini ya mto," alisema, "leo ningekuwa nazungumza na watu wawili wanaokufa. Hapa hawajapata kitu. Kitu kidogo sana. Mama, nani alikufundisha umbali?"

"Mama yangu," Acayo alijibu, bila kuona cha kushangaza.

Sista alifungua fundo kwa koleo refu, mikono imenyooka, uso ameugeuza. Shashi iliyokauka ikafunguka, na ndani yake kile kijiti cheupe kiling'aa kwenye jua la Kyebando. Kidogo hivyo! Kilikuwa kimemponya mwanamke kwa siku nne na kimetaka kumwua msichana kwa siku moja, na sisimizi alikuwa anatembea juu yake bila habari. Komakech alishindwa kuondoa macho. Kikaingia chunguni, kifuniko kikashuka, na kaunta ikarudi kwenye tik yake ya uvivu. Shashi ilipimwa; haikuwa na kitu, akarudishiwa mwenyewe.

Walikuwa wamefika njia ya Bukoto Sista aliposema, "Inspekta, nikiulizwa ulikuwa wapi, nitasema kweli. Nimeandika uwongo mara moja tayari, na umeona ulikotufikisha."

"Sista, ukisema kweli, ile nyumba haitafika jioni."

"Najua."

Wakafika getini. Hapo akamgusa mkono. "Nipeleke kwenye shimo la majivu, pale tunapochoma taka."

Alishuka na chungu, akakifungua. Kwa koleo akautoa mrija, akauweka juu ya majivu. Akarudi nyuma hatua kumi. Akasali Salamu Maria moja, nzima, bila kuharakisha. Akaenda akauokota tena, akaufunika, akapanda gari akikung'uta majivu kwenye kanzu. Komakech hakuthubutu kucheka.

Saa kumi kasoro robo Kapteni Doka aliketi kwenye meza ya daktari mkuu, kofia mbele yake. Komakech akaweka chungu mezani.

"Hii ndiyo ndude?"

"Ndiyo, afande."

"Ilikuwa wapi?"

"Majivuni, afande. Ilitoka kwa mgonjwa na shashi, ikatupwa na taka. Hakuna aliyeiba."

Kapteni alimgeukia mtawa. "Wewe sista. Wewe nasemaga uwongo?"

"Hapana."

"Wewe naona kwa macho yako?"

"Mrija huu nimeutoa majivuni kwa koleo hili, Kapteni, Inspekta akinitazama. Niape kwa msalaba?"

"Na hii karatasi nyeusi ya Mkenya?"

Sista akamtazama Inspekta. Komakech akalidaka swali, maana polisi hana kanzu ya kuchafua. "Hukaa kando ya shimo kujisomea, afande. Kumetulia."

Kapteni alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaunyoosha mkono, akakiinua kifuniko aone kilichoisumbua serikali siku nne. Kaunta, ambayo Sista alikuwa ameiacha imewashwa kwapani, ikapiga yowe. Kapteni aliruka nyuma na kiti chake, kofia ikaanguka.

"Funga! Funga hiyo shetani!" Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbizwa. "Toa huyo msichana. Na hii ndude peleka mbali na mimi."

Nabalayo alitolewa stoo saa kumi na dakika tano. Hakusalimu wala hakushukuru.

"Ameungua?" aliuliza.

"Hapana," Komakech alisema. "Hata Rosalba. Na aliyekuwepo hakuonwa na mtu."

 Hapo Nabalayo alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya wagonjwa na askari, akalia kwa sauti kama mtoto. Sista alipiga magoti akamkumbatia, wote wawili wakiwa wamejaa majivu.

Komakech aliwaacha dakika mbili. Zaidi ya hapo hazikuwepo.

"Kuna basi la Busia saa kumi na moja," akasema. "Nitakupeleka mwenyewe. Hosteli usirudi, nguo utatumiwa. Yule mtu akipata usingizi wa usiku mmoja ataanza kujiuliza kwa nini alikimbia sanduku, na atamtafuta wa kumlipizia hiyo aibu."

"Nina mtihani Alhamisi, afande."

"Utaufanyia Nairobi. Watakupokea. Unajua hesabu."

Nabalayo alisimama, akabandua beji kwenye koti, akampa Sista. Waliteremka ngazi pamoja mpaka kwenye Peugeot. Akiwa ameshika mlango, msichana aligeuka akamtazama usoni, si kama mwanafunzi anavyomtazama polisi, bali kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja amechelewa.

"Na wewe, Inspekta Komakech? Wewe unaondoka lini?"

Alifungua mdomo amwambie kwamba yeye ni polisi, kwamba ana kazi, kwamba ana miaka kumi na sita kwenye jeshi la polisi na faili safi. Badala yake akamfungulia mlango aingie. Akazunguka upande wa pili, akawasha gari.